Sauti ya Mama Veronika kwa Ukubwa Wake

Siku yangu ya kwanza kwenye radio, hapa Kalemie, chefu wa mafundi hakunipatia mikro ya kunasia sauti. Alinipatia kalibrateri: kachombo kadogo kenye kufunika kichwa cha mikro na kulia piii moja, haipande, haishuke. Piii ile ina desibeli tisini na ine. Desibeli njo kipimo cha ukubwa wa sauti.

"Weye kijana," alisema, "mikro inasema uongo mpaka uijaribu. Rekodi piii kwanza, weka mushale wa mashini mahali pake, kisha kibonye cha sauti usikiguse tena. Atakayesikiliza kesho atalinganisha na piii, atajua muntu alisema kwa nguvu gani." Alikuwa mukali, baba yule! Namukumbuka sana.

Kazi ilinipeleka Zongwe, kisha Mpala, kurekodi kwaya ya misioni. Upepo wa ziwa unaingia ndani ya mikro, kwa hiyo tunaivalisha sifongo. Na wamama wa Mpala, kabla ya kuimba, lazima wapige vigelegele: mushale unaruka mpaka mwisho. Fundi mugeni anashituka, anateremusha kibonye, basi kipimo kimekufa. Mimi niliuacha uruke. Vigelegele vilipoisha, binti mumoja wa mustari wa nyuma akaitika chini-chini, mushale ukatikisika kidogo tu. Nikataka kujua ni nani. Njo Veronika. Tulioana, tukazaa, tukazeeka, na mwaka jana nilimuzika. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti ya siku ile tu.

Niko pansioni sasa, kazi niliacha, lakini nilirudi radio kuiomba. Kaseti ilikuwa imeoza na unyevu. Wimbo walikuwa wameuhamishia kwenye ordinateri, ile kompyuta yao. Fundi wa sasa, Mama Solange, akaniwekea. Yesu wangu! Veronika alitoka kwenye spika akipayuka kama muuza samaki.

"Piii iko wapi?"

"Tuliikata, Papa. Ilisumbua wasikilizaji. Na mashini ililinganisha sauti zote, ndogo na kubwa zikawa sawa."

Nilikasirika, siwafichi. Muke wangu hakuwa muntu wa kelele. Nikifa, nani atajua aliimba namna gani? Vijana wa mikro, nawaomba, piii musiikate.

Mama Solange alivuta kiti karibu na changu.

"Basi Papa, weye njo utaniambia. Nateremusha sauti polepole. Ikifika ukubwa wake, useme."

Akateremusha. Bado. Akateremusha tena. Bado, mama. Feni ikawa inasikika kuliko kwaya, akaizima. Nilifunga macho. Sauti ile niliamuka nayo kila asubuhi, Veronika akiimba jikoni huku akipepea makala ya moto.

"Hapo," nilisema.

Akapima ukubwa ule, akaweka piii mupya mbele ya wimbo, akaurudia tangu mwanzo. Tuliusikiliza mpaka mwisho, machozi yakinitoka bila haya.

"Nizime, Papa?"

"Ngoja kwanza."

Veronika akimaliza kuimba alikuwa ananyamaza kidogo, kisha ananiuliza kama nimekula. Nilikuwa nangoja.