Nyumba Iliyokwama Njia ya Kabambare

Mke wangu alikwenda Kabambare kumuuguza mama yake. Mama akapona, akarudi hata shambani, lakini mke hakurudi. Kila nikimtumia salamu kwa dereva wa pikipiki, jibu lilikuwa lile lile: matope ya njia ile yamemwangusha vya kutosha, hapiti tena. Nyumba ilikuwa imepoa, na mimi nilikuwa nimechoka kula ugali nilioupika mwenyewe, wenye mabonge.

Ndipo wakafika Kasongo wazee wawili wa Ulaya, mtu na mkewe, ndani ya lori walilogeuza kuwa makao. Lilikuwa na kitanda, jiko, hata mapazia ya maua. Liliposimama karibu na soko, biashara ikalala. Watoto walipiga kelele, "Nyumba inatembea!" na fundi baiskeli mmoja akaja kupiga hodi mlangoni kwa adabu zote. Wazee walitafuta mtu wa kuwaongoza mpaka Kabambare. Nikajitokeza kabla hawajamaliza kuuliza.

"Njia iko muzuri?" aliuliza bibi. Kiswahili chake alikuwa amekiokota safarini.

"Iko," nikajibu.

Sikusema uongo. Kwetu iko ni iko: njia ipo, haijahama. Habari za uzuri wake ni swali lingine, na hilo nililiruka. Macho yangu yalikuwa kwenye kitanda kile, nikimwona mke wangu amejinyoosha juu yake, akirudishwa nyumbani bila tone la tope.

Mwanzoni bibi alinishukuru. Baadaye tukafika mahali mvua ilipochimba mifereji katikati ya njia, lori likawa linatembea limeinama upande mmoja, sahani zikatoka kabatini na kunifuata. Kwenye kila dimbwi mzee alishuka na fimbo kupima kina. Kwenye kila daraja tulipanga magogo upya ili yalingane na magurudumu. Na kila tulipokuta watu, bibi alichungulia dirishani kuuliza, nao, kwa kuwa hawapendi kumvunja mgeni moyo, walimjibu kwa furaha, "Iko, mama! Mutapita!" Mmoja alijibu hivyo akiwa amezama mpaka kiunoni, akisukuma baiskeli yake ya mihogo. Bibi aliacha kunishukuru.

Upande wa Wamaza tukakwama kabisa. Mzee alikwenda na wanakijiji kukata miti ya kuweka chini ya magurudumu. Mimi nilikuwa nimeteguka mguu kidogo, nusu kweli, nusu uvivu, basi bibi akanikalisha dirishani na kunipa chai. Yule dereva wa pikipiki anayepeleka salamu zangu Kabambare akapita, akanitazama mimi, akamtazama bibi, akacheka kicheko nisichokipenda.

Kesho yake mke wangu akafika. Alikuwa nyuma ya pikipiki hiyo hiyo, matope mpaka kifuani, kitenge amekifunga kivita.

"Yuko wapi huyo mwanamuke?"

Habari ilikuwa imenenepa njiani: bwana wako amepata nyumba, amemuweka muzungu ndani, wanakunywa chai dirishani. Bibi akafungua mlango, nywele nyeupe tupu, mgongo umepinda, akasema, "Karibu, mutoto yangu." Mke wangu akamtazama, akanitazama, hasira ikakosa pa kukaa.

Nami, mjinga, nikaona nimeshinda. "Si ulisema hupiti tena kwenye matope?"

"Matope?" Alicheka kwa uchungu. "Mimi muzaliwa wa Kabambare, niogope matope? Mwanamuke anafuatwa kwao, baba watoto. Na bwana yake mwenyewe. Siyo na salamu ya piki. Mama anauliza kila siku, 'Bwana yako anakuja?' Mimi ninamujibu nini?"

Niliona aibu mbele ya dereva, mbele ya bibi aliyejua maneno machache tu lakini aliyeelewa yote. Tena nilifurahi, sikuweza kuizuia furaha hiyo: alikuwa amevuka njia yote ile kuja kunigombeza.

"Twende nyumbani basi," nikasema polepole.

"Nyumbani?" Akakunja kitenge, akasimama nyuma ya lori, mabega tayari. "Kwanza unafika kwa mama, unaniomba kwake na mudomo wako. Shuka, sukuma."

Nikashuka. Mguu wenyewe haukuuma tena.