Usiku Mmoja Kalacha

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kunitembelea hapa Rayners Lane, London, akajitupa kwenye kochi langu na simu yake mkononi. Yeye na wenzake wanapanga kwenda Moroko, na katikati ya safari hiyo watalala usiku mmoja jangwani, penye chemchemi na mitende, ndani ya mahema yenye mito ya hariri. Akanionyesha picha. "Nani," akaniita, yaani bibi kwa lugha yetu ya nyumbani, "what do I even pack? It's only one night." Nami kabla sijafikiri nikamjibu kwa Kiswahili: maji ya kunywa na maji ya kutawadhia yasichanganywe, mbebe majani ya chai, sukari na tumbaku ya kuwapa wenye kisima, na asubuhi mwondoke kabla wanyama hawajaja kunywa. Akacheka, maana Kiswahili anakielewa ingawa hakisemi. Akataka kujua mimi jangwani nilikwenda lini.

Sikwenda, mwenzangu. Jangwa sijalikanyaga hata siku moja. Lakini safari ya namna hiyo niliipanga utotoni Jumapili baada ya Jumapili, jikoni kwetu Hounslow. Na nikisema niliipanga, elewa kwamba bibi yangu ndiye aliyepanga na mimi nilikuwa nikichambua dengu.

Tulifika London wakati ule Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakija kwa mkupuo, kila mtu na paspoti yake ya Kiingereza, kila mtu akikimbilia kuingia kabla mlango haujafungwa. Nilikuwa na miaka minane. Sisi asili yetu ni Kachi, kule India, lakini baba yangu na mimi tulizaliwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambako babu alikuwa na duka. Nyumbani tulisema Kikachi tukigombana na Kiswahili tukipatana, au kinyume chake, sikumbuki vizuri. Baba alipata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, mama akaenda kiwanda cha biskuti, na bibi akabaki na nyumba, na mimi, na baridi.

Baridi ile sijaisahau. Nyumba ilikuwa nyembamba kama mwanya wa mlango, na chumba kilichokuwa na joto kilikuwa kimoja tu, jikoni, kwa sababu ya jiko la mafuta ya taa lililokuwa likinuka mpaka kwenye nywele zetu. Ndege zilipita juu ya paa, vikombe vikatetemeka kabatini, na bibi alikuwa akinyamaza katikati ya neno mpaka ndege ipite, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Hata leo nikisikia ndege namuona bibi ameinua kidole, anangoja.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Baada ya adhuhuri alikuwa akija jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja wa Kizanzibari aliyekimbia kwao na hakuweza kurudi. Alikuja na visheti vyake kwenye kitambaa, na kabla hajakaa alikuwa ameshamtania bibi juu ya Kiswahili chake cha bara. Bibi hakujali. Alimwaga unga juu ya meza, akautandaza kwa kiganja, na hapo jangwa la Chalbi lilikuwa tayari.

"Hapa Marsabit," anasema, anaweka kinu cha iliki. "Hapa Maikona. Hapa, kote hii nyeupe, ni chumvi. Hakuna mti, hakuna jiwe. Lori inapita asubuhi mapema, jua ikikuwa bado kidogo. Hapa Kalacha." Kalacha ilikuwa kikombe cha chai. Penye kikombe kulikuwa na maji yanayotoka ardhini yenyewe, na mikoma inayovuma kwa upepo, na ngamia wengi kuliko watu.

"Na huko utalala wapi, bi mkubwa?" jirani anauliza, kana kwamba hakuuliza Jumapili iliyopita.

"Chini. Kwa mkeka. Mimi nataka usiku moja tu."

"Usiku mmoja! Mtu atoke Ulaya, apande ndege, apande lori, avunjike mbavu, kwa usiku mmoja? Mie ningelikaa japo wiki."

"Mgeni ya kisima ni usiku moja," bibi anajibu. Ndiyo desturi ya wenye kisima, Wagabra, alivyoambiwa na babu: mpita njia ana haki ya maji na ya kulala usiku mmoja. Alfajiri anaondoka kabla mifugo haijaja, maana kila ukoo una zamu yake ya kunywesha na mgeni hasimami katikati ya zamu za watu.

Basi wanapanga. Chai kiasi gani, tumbaku ya namna gani, kitambaa cheupe dhiraa ngapi. Chapati za uwatu, zile za safari zisizochacha. Wanabishana kama wake wenza. Mimi ninachambua dengu, ninakula visheti, na jioni ndiye ninayepewa tambara kulifuta jangwa zima. Mama alikuwa akilalamikia unga uliopotea, lakini hakumzuia.

Nilidhani bibi alikuwa ameifanya safari ile mara nyingi. Alijua pale lori linapozama, alijua maji ya Kalacha yana ladha ya magadi kidogo. Siku moja nikamwuliza kama kweli ngamia wanalia usiku. Akasema, "Babu yako alisema wanalia." Ndipo nikaelewa kwamba hata yeye hakufika. Wake wa wenye maduka walikaa Marsabit. Barabara ilikuwa ya wanaume. Bibi aliijua njia nzima kwa mdomo wa mumewe.

Na babu alikuwa huko Kalacha. Alikuwa amepeleka chai na nguo, akanunua ngozi na samli, homa ikamshika, akafia huko huko. Watu wa kisimani, wakisaidiana na dereva wake, walimzika alasiri, kwenye kilima cha mawe meusi mbali na maji, kwani wenyewe hawaziki karibu na kisima. Jioni ile ile lori likaondoka na mzigo. Habari na ngozi zilifika Marsabit pamoja, ndani ya lori moja.

Bibi akaingia eda. Mjane wa kwetu akiingia eda hatoki nyumbani, basi hakutoka. Alipomaliza, barabara ya kaskazini ilikuwa imeingia vita vya mashifta, wale waasi wa kaskazini, na bila kibali hupiti. Kisha duka likafungwa. Kisha London. Hakuwahi kuliona kaburi la mumewe. Na lililomtafuna si kaburi peke yake. Kwetu husemwa usiku wa kwanza kaburini ndio mzito. Jamaa hawalali, wanasoma, wanamsindikiza maiti wao. "Yeye alilala peke yake," bibi alikuwa akisema, akifuta unga mikononi. "Usiku ile ilikuwa yangu. Mimi naenda kulipa." Hakusema hivyo kwa kulia. Alisema kama mtu anayekumbushia nguo iliyobaki kambani.

Baba alikuwa akisikia yote. Kila mwaka alisema, "Mwakani, mama, Inshallah." Mimi nilidhani ni uvivu. Mtu anafanya kazi kwenye ndege, kwa nini asiseme tu na wenye ndege? Sikujua hofu ya watu wetu siku zile. Paspoti zetu zilikuwa za Kiingereza, lakini kulikuwa na Uingereza ya paspoti na Uingereza ya mlangoni, na baba hakuamini kwamba mtu akishatoka ataruhusiwa kuingia tena.

Lakini ahadi ni deni, na mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja baba alirudi kutoka kazini na tiketi, yake na ya mama yake, za mwezi wa pili, wakati kule ni kukavu na Chalbi ni ngumu kama sakafu. Ah, nyumba ile ilivyofurahi! Bibi akanunua nyama, akaikata kamba kamba, akaianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, aifanye nyirinyiri, nyama kavu ya kaskazini inayokaangwa kwa samli na kudumu safari nzima. Akaianika, mwenzangu, Hounslow, mwezi wa kwanza. Siku tatu nyama ikaning'inia kwenye ukungu, ikawa imelowa kuliko ilivyotoka buchani, na mama wa Kizungu wa nyumba ya nyuma akaja kutuuliza kwa adabu kama tumepatwa na jambo. Jirani yetu alicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe bibi akaihamishia nyama juu ya jiko la mafuta, na mimi nikaenda shule wiki nzima nikinuka mafuta ya taa na ng'ombe.

Mkoba ukafungwa. Chai, sukari, tumbaku, kitambaa cheupe, mkeka aliokuja nao kutoka Marsabit. Chapati zilibaki kukandwa tu.

Jioni ya siku ile baba alirudi kutoka kazini akaketi mezani na koti lake mwilini. Mama akamwekea chakula, hakukigusa. Baadaye tukajua alichokiona. Mzee mmoja wa kwetu, mwenye sanduku lililofungwa kwa kamba, alikuwa ameshuka kwenye ndege na paspoti kama yetu, akazuiwa, na baba na wenzake wakaambiwa wairudishe mizigo yake ndani ya ndege. Baba ndiye aliyelibeba lile sanduku. Mzee alimsemesha Kigujarati, akamwuliza, "Mwanangu, sasa wananipeleka wapi?"

Usiku ule baba hakuitaja safari. Wala asubuhi. Siku ya pili hakula tena, na bibi alikuwa akimtazama. Siku ya tatu, tumekaa mezani, bibi akasema, "Nimeghairi. Mvua imenyesha kule. Chalbi sasa ni matope, lori itazama."

Hakuna mvua kule mwezi wa pili. Baba alizaliwa Marsabit, alijua hivyo kuliko anavyojua jina lake. Nilimwona akimtazama mama yake, na bibi akaendelea kumenya kitunguu.

"Nani amekwambia, mama?" aliuliza.

"Watu."

Baba akasema, "Sawa, mama." Akavuta sahani yake. Akala yote, akaongezwa, akala tena, machozi yakimtoka, na bibi akamsogezea maji.

Jumapili ile bibi alimpa jirani chai na sukari na kitambaa. Jirani akakataa, akakaribia kugomba. "Viweke, bi mkubwa, mwakani si mbali!"

"Wewe mwenyewe kwenu utaenda mwakani?"

Jirani akanyosha mikono. Alivichukua vile vitu, akavibusu, akavitia chini ya mkono. Baada ya hapo unga mezani kwetu ukawa wa chapati tu, na Jumapili zikawa ndefu. Walikaa wawili wale, wakazungumza habari za bei na magoti. Kuna wakati nilimwaga unga makusudi, nikautandaza, nikamwuliza Maikona iko wapi. Bibi akauzoa kwa kiganja, akaurudisha kwenye bakuli, akaniambia chakula hakichezewi.

Alifariki nilipokuwa na miaka kumi na mitano, majira ya baridi. Nyumba ile ya Hounslow sasa ina watu wengine na mlango wa plastiki. Jirani amezikwa huku huku, kwao hakurudi. Baba na mama wametangulia. Kiswahili kile cha bara, cha lori na ngozi na samli, sina wa kusema naye. Nikikisema dukani karibu na stesheni, vijana wanaojua Kiswahili wanadhani nakosea. Hata picha ya babu hatuna. Na sijui kama kilima kile cha mawe meusi kina alama yoyote.

Siku tuliyomzika bibi, wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo desturi yetu. Lakini alasiri baba alirudi, akachukua msala, msahafu na chupa ya chai, akaniambia nivae koti. Mimi na mama tukaingia garini bila kuuliza. Makaburini udongo ulikuwa umelowa na giza lilikuwa linaanza, maana hapa majira hayo jua huzama mapema. Baba akatandika msala pembeni ya kaburi, akakaa kitako, akafungua msahafu. Alikuwa amevaa koti lake la kazini, lile zito kuliko yote aliyokuwa nayo.

Hakumaliza ukurasa wa pili. Mlinzi alikuja, Mzungu mtu mzima, mpole kabisa, funguo mkononi, akasema makaburi yanafungwa. Baba akasimama haraka, kama alivyokuwa akisimama mbele ya kila mwenye kofia wa nchi hii. Akamweleza kwa Kiingereza chake cha uwanja wa ndege kwamba huyu ni mama yake, amezikwa leo, na anaomba akae naye. Usiku mmoja tu. Asubuhi mapema ataondoka.

Mlinzi akavua kofia. Akasema anasikitika sana, lakini hairuhusiwi. Kesho saa mbili watafungua.

Mimi na mama tulimtazama baba. Nilitaka agombe. Nilitaka apige kelele, alale pale chini, wamtoe kwa kubeba. Alikunja msala mara mbili, akaupangusa tope, akauweka kwapani.

"Thank you, sir," akasema, tukatoka, na geti likafungwa nyuma yetu.