Chikadi na Jina la Mama

Niliondoka Kamembe kwa sababu moja: nilitaka kumwita mtu "Mama" aitike. Mama yangu, Nabintu, alikuwa amefariki, na binti yangu Furaha, anayeishi Marekani, akampa jina hilo mtoto wake. Kwetu sisi tuliotoka Bukavu, mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako. Utamwamkia kwa heshima hata kama bado anakojoa kitandani.

Asubuhi, kwenye gare ya mabasi, wauza sambaza wenzangu, wale dagaa wa ziwani kwetu, walinisindikiza kwa kelele. "Maman Furaha, usituletee baridi!" Tulipoingia msitu wa Nyungwe kelele ziliisha, nami nikaanza kuogopa. Kigali nikapanda ndege, nikashuka, nikapanda nyingine, karanga zangu za kukaanga mapajani.

Jimbo la Maine lilikuwa jeupe kwa theluji. Kwenye plaki za namba za magari kulichorwa ndege mwenye kichwa cheusi na mashavu meupe. Furaha akaniambia ni chikadi. Barabara yao iliitwa Chikadi, duka la mikate vilevile. Kwa sifa zote hizo nilitegemea ndege kama korongo. Kumbe anatosha kwenye kikombe cha chai!

Mlangoni nikapiga goti. "Mama Nabintu, jambo!" Mtoto akaendelea kuchezea kiatu chake.

"Maman, hatakuitika," Furaha akasema. "Ku masomo bote banamuitaka Chikadi. Huku njo vile banabembelezaka batoto."

"Na weye?"

Akainamisha macho. "Na miye."

Mama nilikuwa nimeshamzika mara moja. Siku ile nilihisi namzika tena.

Mchana wote walikwenda kazini na shuleni, nikabaki na dirisha. Sikuwa na wa kusema naye. Nikaweka karanga nje, chikadi akaja, nikampigia soga za sokoni. Jumamosi mtoto akasogea. Tukatoka, nikamwekea karanga kiganjani, nikamwonyesha kusimama bila kutikisika. Ndege akatua mkononi mwake. Palepale nikamsimulia mtoto Nabintu alikuwa nani. Alichoelewa, Mungu anajua.

Siku ya kurudi nilimwita "Mama!" kwa mara ya mwisho. Hakugeuka.

Sasa niko Kamembe, nyumba kimya, sambaza zinauzika. Nimejifunza kwamba jina ukishalitoa, halikuulizi tena litue wapi. Jana Furaha alipiga simu.

"Maman, mutoto anasema Nabintu alikuya leo ku dirisha, alikula karanga yote."

"Nabintu gani?"

"Kale kandege. Ye mwenyewe njo alikapatia jina. Anakaitaka kila asubui."

Nikacheka, kisha nikalia, na simu bado iko sikioni.

"Umuambie mutoto," nikasema, "Mama akikuya kesho, amuambie banamusalimia ku Kamembe."