Fimbo ya Mkwe Asiyekula Samaki

Katika Nairobi ya miaka ya sabini hakuna kilichonichefua kama mtu anayemdharau samaki huku akitamani kumvua. Na mimi nilikuwa nimemposa binti wa mtu wa namna hiyo.

Baba yake alikuwa na safu mbili za nyumba za mabati za kupangisha karibu na Dagoretti Corner, na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba hizo. Kwao samaki hakuwa chakula. Alikuwa jamaa ya nyoka. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na diploma ya uhandisi wa mitambo, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha masufuria ya watu, bila serikali wala mjomba. Wangapi mtaani mwetu wangeweza kusema hivyo? Lakini mzee yule kila aliponitazama aliona magamba tu, na posa yangu haikujibiwa ndiyo wala la.

Ndipo rafiki yake mmoja aliponunua nyumba ya mzungu huko Loresho, akakuta fimbo ya kuvulia imetundikwa ukutani. Wazee wakapanga kwenda pwani Pasaka, wavue wakiwa wamesimama ufukweni kama walivyofanya wenye nyumba wa zamani. Mkwe wangu mtarajiwa hakuwa na fimbo. Akaniita.

"Nyinyi watu ya samaki mnajua hii maneno," alisema akichokonoa meno. "Unichagulie fimbo, na isiwe ya kunimaliza pesa. Ukiniaibisha mbele ya wale wazee, hiyo mambo ya msichana usahau."

Msichana mwenyewe alinikanyaga mguu chini ya meza nisijibu.

Jumamosi tukaenda duka moja katikati ya mji. Ndani mlinuka nta na mbwa, harufu ya watu waliokwisha kuhama, na mwenye duka akanipita mimi mwenye diploma akaenda kumpa mkono mzee kwa sababu ya koti lake. Fimbo karibu zote zilikuwa za kuvulia samaki wa mito ya baridi ya mlimani: fupi, nyembamba, za mwanzi uliopasuliwa ukagandishwa kwa gundi, zenye pete za shaba. Mzee akaikumbatia moja.

"Hii. Ndio kama ya Loresho."

"Mzee, hiyo ni ya kijito unachoweza kukiruka. Baharini mawimbi huvunjika mbali. Chambo lazima kianguke ng'ambo ya povu."

"Bwana, hii nzuri sana," mwenye duka akaingilia. "Wazungu wote alinunua hii."

"Na huko Nyeri mlimani walivua bahari gani?" nikamuuliza.

Sikuwahi kuishika fimbo ya ufukweni mkononi mwangu, lakini kule nilikosoma nilisimama Jumapili nyingi kwenye mawe ya pwani, nikiwatazama wanaume wakitupa mishipi. Mtu mwenye macho na elimu ya mitambo hahitaji zaidi. Nikaagiza chubwi, ile risasi inayozamisha mshipi, nikaifunga kwenye ncha ya fimbo ya mzee na kumwambia ainue. Ncha ikainama mpaka sakafuni.

"Inasalimia watu vizuri," mzee akasema.

"Itawasalimia wazee wenzako hivyo hivyo, halafu ivunjike."

Pembeni, pamoja na mifagio, niliiona niliyoitaka: ya nyuzi za kioo, ndefu karibu mara mbili ya mtu, imejaa vumbi. Chubwi ile ile iliipinda ncha kidogo tu, tumbo la fimbo likabaki limekaza. Nikapitisha kidole ndani ya kila pete, nikakuta moja ina kutu, nikadai ibadilishwe hapo hapo. Mwenye duka akataka kutuuzia pia gurudumu la kuzungushia mshipi, lile la umbo la pipa. Nikalikataa, maana mikononi mwa anayeanza hilo husokota mshipi ukawa kiota cha ndege. Nikachukua lile jepesi ambalo mshipi hutoka wenyewe unapotupa.

"Refu hivi, kwa gari itatoka kama pembe," mzee akalalamika.

"Inatenganishwa katikati."

"Na rangi yake mbaya."

"Samaki haangalii rangi ya fimbo."

"Wewe unajua vile samaki anaangalia?"

"Si ulisema sisi ni watu wa samaki?"

Alipoambiwa bei haifiki nusu ya ile ya mwanzi, rangi ikaacha kuwa mbaya.

Baada ya Pasaka akaniita nyumbani. Fimbo ilikuwa imesimama sebuleni kama mgeni wa heshima.

"Ya Loresho ilivunjika mara ya kwanza," alisema akicheka. "Yangu nilitupa ikaenda, ikaenda, mpaka sikuona. Nikavuta kitu kama hii mkono yangu!"

"Na mlimpikaje?"

Akakunja uso. "Nipike? Kilikuwa kinafungua mdomo kikiniangalia. Niliambia mtu akate kamba. Paka walimaliza."

Samaki mzima, wa bahari, aliyevuliwa kwa fimbo niliyoichagua mimi, ameachiwa paka mchangani! Nikajaza chai mdomoni ili nisiseme neno litakalonikosesha mke.

Binti yake, aliyekuwa akitumiminia chai, akalisema la kwake.

"Baba, mimi ningemla. Nimekula samaki kwake huyu, huko nyuma ya Kenyatta Market. Mpaka kichwa."

Mzee akaenda mlangoni akatema mate nje. Akarudi, akapangusa mdomo, akamtazama binti, akaitazama fimbo.

"Mlipikia sufuria gani?"

"Yake."

"Hiyo sufuria isivuke gate yangu. Hata siku ya harusi. Na wewe, kijana, siku ya kuja hapa usikule hiyo kitu."

Nilikuwa nimetekwa na hasira kwa ajili ya yule samaki, hata ikanichukua muda kuelewa kuwa posa yangu imejibiwa. Binti alielewa kabla yangu: alikuwa ameshainuka kwenda jikoni kumwita mama yake.