Hawakumuuliza Mara ya Pili

Shule yetu ya watu wazima hapa kambini Nakivale ilianzishwa na mama mmoja Mrundi, chini ya hema, kabla haijapata hata ubao. Chuo kimoja cha Mbarara kilipoichukua, tuliitwa mkutanoni huko chuoni, yeye kama mkuu, mimi muuza vitenge kama mjumbe wa kamati. Niliingia nikahesabu viti mara mbili: vilikuwa vingi kuliko vya shule yetu nzima.

Mkurugenzi wa chuo alimuuliza kwa adabu, "Mama, utaendelea kuongoza shule?"

"Hapana, mwanangu. Nimezeeka. Tafuteni kijana."

Kwetu cheo hukataliwa kwanza. Unabembelezwa, unakataa tena, kisha unakubali kama mtu aliyelazimishwa. Hata sokoni kwangu, "hapana" ya kwanza ni salamu tu.

Mkurugenzi akamshukuru. Watu wakapiga makofi, na mama naye akapiga.

"Bosi," nikasema, "muulize tena."

"Mzee, mama amesema mwenyewe. Tumheshimu."

Wakamtangaza kijana mmoja mwenye diploma na viatu vizuri, ambaye hakumkosea mtu.

Njiani kurudi, tulipofika Kabingo, mama akaniuliza polepole, "Hawataniuliza tena?"

Mimi ninayejua kusifia kitambaa kinachochuja, nikamwambia, "Watakuja."

Akaniamini. Tangu hapo, gari la ofisi likisikika barabarani, mama huacha jembe shambani, akaingia ndani kuvaa kile kitenge cha mkutano.