Matete ya Grumeti

Harufu ya matete yanayoungua inanikaba koo mpaka leo. Miaka ile maduka ya Bunda yalikuwaga matupu, chumvi hata ya kulamba hakuna, mama akarudia ya bibi zake: kuchoma matete, kuweka majivu kwenye debe lililotobolewa, kumwagia maji, na yale yanayodondoka, yenye chumvichumvi, ndiyo tuliyotilia mboga. Ila matete mazuri yaliota kando ya mto Grumeti, ndani ya hifadhi. Mama alizaliwa huko, kabla watu hawajahamishwa. Alinionyesha pale mtoni mawe matatu yaliyobeba ghala la babu. Juu yake alikaa nyani, akitutazama kama wageni.

Mimi nilikaa ukingoni na sufuria na kijiti. "Nyangi, ukiona mamba, piga. Ukiona askari, lala chini, nyamaza."

"Na nikiwaona wote wawili?"

"Usiniletee mkosi," mama akasema, akaingia majini mpaka kiunoni na mundu wake.

Nikawaona wote wawili. Askari wa wanyamapori alikuwa anashuka ng'ambo, bunduki begani, hajatuona. Na lile gogo lililolala karibu na mama tangu tufike, halikuwepo tena. Jirani yetu alikuwa amekamatwa akiwa na nyasi za kuezekea, akapelekwa gerezani Musoma, wanawe wakabaki wanalala kwetu. Nikamuona mama Musoma, nikamuona mama mdomoni mwa mamba. Sijui nilinyamaza kiasi gani. Huenda ni kidogo tu, hofu hurefusha. Nikapiga sufuria mpaka kijiti kikavunjika.

Mama akatoka mbio. Maji yakafumuka pale pale alipokuwa amesimama. Askari akavuka kwa juu, penye miamba, akatukuta ukingoni na matete mama aliyokwisha kukata.

"Mama, unataka kuliwa?"

"Na mboga bila chumvi inalika, baba?"

Askari akataka kucheka, akakaza uso. "Hata kwangu chumvi hamna." Akatwaa nusu ya matete, akatusindikiza mpaka mpakani. Sisemi alituibia. Sisemi alitusaidia. Angeweza kutufunga.

Sasa nakaa Mwisenge, hapo Musoma, chumvi iko kila duka, na mama hayupo tena. Juzi kwaya yetu ilitembelea hifadhi. Pale mtoni mwongoza wageni akatuambia hapa hapajawahi kuishi watu, ni wanyama tu tangu mwanzo. Ni kijana mzuri, pengine ndivyo alivyofundishwa. Nikayaona mawe matatu, au nilidhani ndiyo. Gari likaanza kuondoka. Hofu ile ile ikanishika: nikinyamaza, kitu kinapotea. Nikagonga kioo kwa nguvu. "Baba, simama. Pale palikuwa na ghala."

Gari likasimama.