Glasi ya Mama Mkwe Ndani ya Wimbo

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Kanda anafungua kufuli mbili za duka lake, anausukuma mlango wa bati kwa nyonga, na kabla hajatua mkoba anawasha kompyuta. Lakini haitazami. Anachukua ufagio.

"Niache nifagie kwanza," anamwambia mwandishi aliyekuja kumhoji. "Kama ni habari mbaya, inikute duka safi."

Leo ni siku ya kumi na moja anasubiri barua pepe moja tu. Barua hiyo ndiyo itakayosema kama nyimbo 214 za wanamuziki 31, zote alizozipandisha mtandaoni kwa mikono yake, zitabaki au zitafutwa kwa mpigo mmoja. Zikifutwa, kazi yake nayo imekwenda na maji.

Nje, kwenye benchi la fundi cherehani, ameketi mzee wa miaka sabini na tatu mwenye kofia ya sufu na gitaa lisilo na mfuko. Hapa mtaani anaitwa Mzee Mwavuli. Amefika kabla ya mwenye duka, kama alivyofika jana na juzi.

"Imekuja?" anauliza.

"Shikamoo kwanza, mzee wangu."

"Marahaba. Imekuja?"

"Sijafungua. Na wewe usinipandishe presha."

Duka lenyewe ni hatua nne kwa tano, limebanwa kati ya fundi cherehani na fundi simu. Ukuta mmoja umejaa kanda za kaseti kutoka sakafuni hadi darini, kila moja na karatasi yenye mwandiko uleule wa duara. Kwenye meza kuna kompyuta iliyong'oka kitufe cha herufi M, hivyo akifika kwenye M huchokoa tundu lililobaki kwa kifuniko cha kalamu.

"Na wanamuziki wangu wote ni Mzee, Mama, Mwalimu, Mtoto wa sijui nani," analalamika. "Ingeng'oka hata X, jamani!"

Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na sita kati ya hiyo ameimalizia ndani ya chumba hiki. Alianza na deki sita za kunakilia kanda. Mwanamuziki alikuwa akimletea kanda mama, yaani ile ya kwanza iliyotoka studio, naye anaizalisha. Siku ya sokoni alikuwa anatoa kanda mia na ishirini, vidole vimechubuka kwa kuzungusha penseli kwenye zile zilizolegea.

Shida ilikuwa majirani. Mtu ananunua nakala moja kwake asubuhi, mchana anauza hamsini upande wa pili wa barabara, na ukimwuliza anaapa kwa watoto wake kwamba kanda mama anayo yeye.

"Ndipo nikatia alama," anasema Mama Kanda, na hapo anacheka peke yake. "Sikusoma shule nyingi, lakini mjinga si mimi."

Alama yenyewe ilikuwa kijiko cha chai. Kabla ya kuzalisha, aliinakili kanda mama kwenye kanda nyingine aliyoiita kanda ya kazi, huku maikrofoni imewashwa pembeni. Gitaa la mwanzo likimalizika, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, aligonga glasi mara moja. Ting! Nakala zote zilitoka kwenye kanda hiyo ya kazi. Akiikuta ting yake kwenye duka la mtu, mtu huyo hana pa kutokea.

Hakumwambia yeyote. Hata wanamuziki wenyewe hakuwaambia, na hilo limemkalia rohoni miaka yote.

Kisha zikaja sahani za CD, zikaja flashi, mwisho ikaja simu, na watu wakaacha kabisa kuingia dukani. Kwa miaka miwili Mama Kanda aliuza betri na maji ya chupa, deki zimefunikwa kwa kanga. Mumewe alimshauri afunge. Alimjibu kwamba atafunga siku watakayomfunga yeye kwenye sanda.

Aliyemtoa hapo ni binti wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo, aliyemwonyesha jinsi wimbo unavyopandishwa mtandaoni kupitia kampuni za usambazaji. Kuna fomu ya kujaza: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, wapiga ala, mwaka. Wengi wanaofanya kazi hiyo hujaza jina la mwimbaji, wakaruka yaliyobaki. Yeye haruki. Kwa wimbo mmoja anatoza bei ya kilo mbili za sukari, na kwa bei hiyo mteja anahojiwa utadhani yuko mahakamani.

"Besi nani alipiga? Usiniambie 'jamaa mmoja'. Huyo jamaa mama yake alimwitaje?"

Maneno ya siri ya wateja wote yamo kwenye daftari lake, kwa sababu wao husahau. Mwimbaji mmoja wa harusi aliweka jina la mkewe. Wakaachana, akaoa tena, na sasa mke mpya anataka kujua kwa nini kila akifungua nyimbo zake lazima amtaje yule wa kwanza. Mama Kanda amelibadilisha bila kutoza chochote.

Kisa cha barua pepe kilianza miezi mitatu iliyopita, siku binti huyo alipoingia dukani akicheza.

"Shangazi, hii ndiyo habari ya mjini! Tazama, gitaa likiisha unanyanyua bega, hapa, kwenye ting!"

Mama Kanda aliketi juu ya kreti ya maji. Wimbo ulikuwa "Nirudishie Mwavuli", alioutunga Mzee Mwavuli miaka thelathini na moja iliyopita baada ya mchumba kumkimbia na mwavuli wake siku ya mvua. Vijana wa nchi ambazo Mama Kanda hajui hata ziko upande gani walikuwa wanaucheza kwenye video fupi, maelfu kwa maelfu, na wote walikuwa wananyanyua bega kwenye kijiko chake.

Alikimbia kumwita mzee. Wakaketi, wakajaza fomu, wakabonyeza. Jibu likarudi palepale: wimbo huu una mwenyewe. Mwenyewe alikuwa studio moja ya mbali, isiyowajua wala wasiyoijua, iliyoandika kwamba iliurekodi mwaka jana.

Mzee Mwavuli hakupiga kelele. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Mchumba alikuwa wangu, mvua imeninyeshea mimi," alisema. "Huyo alikuwa wapi?"

Kudai kulikuwa na masharti. Kampuni ilieleza wazi kwamba anayepinga umiliki akishindwa, akaunti yake inafungwa na kila kilichomo kinafutwa. Akaunti ni moja, ndani yake wamo wanamuziki thelathini na mmoja. Mama Kanda aliwapigia simu wote, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba ruhusa ya kuwatia hatarini. Wote walikubali isipokuwa mmoja, ambaye alisema ngoja amwulize mkewe. Mpaka leo anamwuliza.

Ushahidi ulikuwa taabu. Studio iliyorekodi wimbo huo ilishafungwa, mikanda yake haijulikani iliko. Kanda mama ilikuwepo kabatini, lakini kanda kuukuu yeyote anaweza kuwa nayo. Kijiko nacho mtu anaweza kugonga.

Basi akavaa hedifoni, zile alizozifunga kwa selotepu, akausikiliza ule wimbo wa video. Akaurudia mara ya pili. Mara ya tatu akazivua taratibu, akaziweka mezani, akajishika kichwa.

"Salaale," alisema. "Ile ni sauti yangu."

Alikuwa ameshasahau. Siku ile alipounakili wimbo huo, wateja wamejipanga hadi kwa fundi cherehani, alikosa glasi ya kugonga, akakimbilia nyumbani kuchukua moja kati ya sita za maua ambazo mama mkwe wake alikuwa haruhusu hata kuzigusa. Aligonga kwa haraka, ikapasuka mkononi. Maikrofoni ikamdaka: "Mama yangu wee, glasi ya mama mkwe!"

Muda wa kurudia haukuwepo. Aliinakili hivyohivyo, na kwa redio za enzi zile hakuna aliyesikia zaidi ya ting. Nyumbani alimsingizia paka. Paka wa watu akagawiwa kwa majirani.

Hedifoni za leo hazifichi siri. Chini kidogo ya gitaa maneno yale yanasikika yote, na vijana wanaonyanyua bega walikuwa wameshayatungia maana zao.

Alituma vitu vitatu: kanda mama isiyo na kijiko, kanda ya kazi yenye kijiko, na sauti yake ya sasa akitamka maneno yaleyale. Binti alitafsiri barua. Sentensi ya mwisho shangazi alisisitiza isipunguzwe: kama waliurekodi wao mwaka jana, basi watuonyeshe mama mkwe wao.

Hata hivyo, kabla ya kutuma ilibidi akiri kwa mwenye wimbo, na hilo, anasema, lilimtoa jasho kuliko kampuni. Alimwita mzee ndani, akarudisha mlango, akaeleza kijiko, glasi, paka, vyote.

Mzee Mwavuli aliliweka gitaa chini.

"Kumbe ni wewe!"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Mimi niligombana na Radi kwa ajili ya hiyo ting!" Radi alikuwa mpiga tumba wake. "Nilimwambia, nani kakutuma kugonga chupa kwenye wimbo wangu? Akaapa si yeye, nikamwita mwongo mbele ya bendi nzima. Hatukusalimiana mwaka na nusu. Tulikuja kusalimiana msibani, na radhi sijamwomba mpaka leo."

Mama Kanda alianza kulia. Mzee akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Radi, kutoka hapa ni mwendo wa saa nzima. Alirudi jioni, na Radi nyuma yake, wazee wawili wamechafuka vumbi wakicheka kama waliotoroka shule. Radi alisimama mlangoni, akamnyooshea Mama Kanda kidole, akashindwa kusema neno kwa kicheko.

Sasa sakafu imeshafagiliwa. Meza imefutwa mara mbili. Hakuna kilichobaki cha kusafisha.

"Haya, njoo," anamwita mzee. "Tufe wote."

Anafungua. Anasoma kimyakimya, midomo ikicheza. Mzee ameshika egemeo la kiti, gitaa limening'inia mgongoni. Kisha Mama Kanda anaupiga ukuta wa kanda kwa kiganja mpaka mbili zinaanguka.

"Wamekubali! Wamekubali, baba wee!"

Ile studio imeondolewa. Akaunti haiguswi. Wimbo ni wa mtunzi wake, na jina lake litaandikwa popote utakapochezwa, na mapato yake yatakuja kwake.

"Soma tena," anasema mzee. "Hapo penye jina. Polepole."

Anasoma mara ya pili, na ya tatu. Kwenye mara ya tatu mzee anageuka upande wa ukutani na kujifanya anaokota zile kanda mbili.

Fomu inafunguliwa upya. Kampuni inataka nakala moja ya kudumu, na Mama Kanda anachagua kanda mama, ile safi. Mzee anamzuia mkono.

"Weka ya glasi."

"Nikuharibie wimbo mara ya pili?"

"Ile safi imekaa kabatini kwako miaka yote, na dunia ilinisahau nayo. Weka ya glasi, watoto wanyanyue mabega."

Anaweka. Wanafika kwenye wapiga ala. Safari hii anayehoji ni mzee, naye amesimama wima kama hakimu. Gitaa na sauti, yeye mwenyewe. Tumba, Radi, kwa jina lake kamili alilopewa na baba yake. Besi, marehemu shemeji yake, naye kwa jina kamili.

"Na glasi," anasema mzee. "Glasi nani alipiga?"

"Acha utani."

"Usiniambie 'jamaa mmoja'."

Mama Kanda anazigeukia rafu na ghafla ana mengi ya kumweleza mwandishi. Zimebaki kanda mia tatu na themanini, anasema, na mpango wake ni kuzimaliza zote kabla ya mwisho wa mwaka ujao, kila moja na majina ya wapigaji wake, maana wengine ni wagonjwa na wengine hawajui kwamba wanatafutwa. Deki mbili zitatengenezwa. Binti ataanza kuja siku tatu kwa wiki, kwa malipo, si kwa undugu. Na Jumapili atampelekea mama mkwe wake, ambaye ana miaka themanini na nane na kumbukumbu kali, glasi sita mpya za maua.

"Kwanza nampa glasi, halafu ndiyo namwekea wimbo," anasema. "Nikianza na wimbo, nimekwisha."

"Umemaliza?" anauliza mzee.

Kwa miaka thelathini na sita ameandika majina ya watu kwenye karatasi za kanda na kwenye fomu, na halijawahi kuwemo lake hata mara moja. Anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Niandike nini sasa?"

"Jina lako. Sisi tunakujua kama nani?"

Anavuta kiti, anachukua kifuniko cha kalamu, na kuanza kuichokoa herufi M.